Muuguzi kuandika dawa Uingereza: njia ya V300 tangu maombi hadi cheti cha kwanza cha dawa

Nyumbani Afrika Mashariki, mtu asiye daktari kuandika dawa si jambo la kushangaza. Tabibu wa zahanati ndiye anayekupima, ndiye anayekuandikia, na pengine ndiye anayekuhesabia vidonge kwenye kibahasha. Uingereza mambo hayaendi hivyo. Huku hakuna rejista ya matabibu wa aina hiyo, na muuguzi aliyesajiliwa, hata awe amekaa wodini miaka ishirini, haruhusiwi kumwandikia mgonjwa cheti cha dawa mpaka asome kozi maalumu, afaulu, na jina lake liwekewe alama kwenye rejista ya taaluma yake. Kwa wauguzi na wakunga kozi hiyo inajulikana kama V300, na ndiyo nitakayoieleza hapa kwa ajili ya wenzetu walioko NHS (huduma ya afya ya umma), kwenye vituo vya GP (madaktari wa familia) na kwenye kliniki za jamii. Wafamasia, wataalamu wa fiziotherapia na wahudumu wa ambulansi mna milango yenu, nitaigusa njiani.

Niseme mapema ninachoamini. Famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, haiwaangushi watu wengi kwenye kozi hii. Wanaotaabika zaidi ni wale walioingia bila kujua wataandika dawa gani, kwa mgonjwa yupi, kwenye kliniki ipi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mambo ya kabla ya darasa.

Hatua ya 1: Jua ruhusa unayoitafuta

Ruhusa hizi hazikuja kwa siku moja. Ripoti ya Cumberlege ya mwaka 1986 ilieleza jinsi wauguzi wa jamii walivyokuwa wakipoteza muda kumsubiri daktari aandike cheti cha bandeji na dawa za kupaka, ilhali aliyejua kinachohitajika ni muuguzi mwenyewe. Sheria ikapitishwa 1992, majaribio yakaanza 1994, na mwaka 2006 wauguzi na wafamasia waliofuzu wakafunguliwa karibu kila kilichomo kwenye BNF, kile kitabu cha dawa kinachotumika nchi nzima. Mwaka 2012 wakaongezewa dawa zinazodhibitiwa, morphine ikiwemo. Kilichobaki nje ni kidogo sana: cocaine, diamorphine na dipipanone zinapotumika kumtibu mraibu.

Leo muuguzi ana njia mbili. V100 na mwenzake V150 ni za wauguzi wa jamii, na zinaruhusu orodha fupi tu: vifaa vya vidonda, paracetamol, dawa za kulainisha choo, mafuta ya ngozi na vingine vichache. V300 ndiyo kubwa. Ukiipata unakuwa mwandika dawa anayejitegemea, yaani unampima mgonjwa, unaamua ana nini, unaandika na unawajibika mwenyewe. Pia unaruhusiwa kuandika kwa njia ya zamani, ya kufuata mpango wa matibabu uliokubaliwa na daktari pamoja na mgonjwa, ingawa siku hizi si wengi wanaoitumia.

Wa fani nyingine, kwa ufupi: fiziotherapia na wataalamu wa miguu walipata kujitegemea 2013, wataalamu wa mionzi ya tiba 2016, wahudumu wa ambulansi 2018. Hao wako chini ya HCPC, chombo cha usajili wa fani hizo, na orodha yao ya dawa zinazodhibitiwa ni fupi kuliko ya muuguzi. Wafamasia wana chombo chao cha usajili, GPhC, na kuanzia 2026 wafamasia wapya wanaosomea Uingereza wanasajiliwa wakiwa na ruhusa hii tayari mkononi. Wewe mfamasia wa zamani bado itabidi urudi darasani.

Kisha kuna PGD, ambayo wengi huichanganya na kuandika dawa. PGD ni maelekezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mapema yanayokuruhusu kumpa dawa fulani mgonjwa yeyote anayetimiza masharti yaliyotajwa. Chanjo ya mafua ndiyo mfano wa kila siku. Hapo unatoa dawa, huandiki. Kama kazi yako yote inatoshelezwa na PGD nne au tano, huna haja ya V300. Usisome kwa sababu tu wenzako wamesoma.

Hatua ya 2: Chagua eneo lako kabla ya kuchagua chuo

Hapa ndipo penye uzito. Chuo kitakuuliza eneo lako la kazi, na jibu la "kwa ujumla" halikubaliki. Chukua karatasi uandike sentensi moja: nitawaandikia nani, wana tatizo gani, dawa za kundi lipi. Kwa mfano: "Watu wazima wenye pumu na COPD (ugonjwa sugu wa mapafu) kwenye kituo cha GP, kuanza na kurekebisha dawa za kuvuta, na prednisolone ya muda mfupi pale hali inapoharibika." Sentensi hiyo mwalimu ataielewa, meneja ataielewa, na wewe mwenyewe utajua kurasa zipi za BNF uzilalie.

Eneo lisiwe pana mno. Muuguzi wa wodi ya jumla anayesema ataandika dawa za kisukari, za moyo, za maumivu na antibiotiki anajitafutia mzigo, maana kwa kila kundi atatakiwa aonyeshe kwamba anajua kumchunguza mgonjwa, kusoma vipimo, kutambua dalili za hatari na kujua lini asimamishe dawa. Anza na kundi moja au mawili. Ukishafuzu unaweza kulipanua.

Halafu uliza swali ambalo watu huliruka: nikimaliza, nani atanihitaji niandike? Wapo waliosoma, wakafaulu, wakarudi kwenye kazi ileile isiyokuwa na kliniki, na ruhusa ikalala. Ruhusa isiyotumika hupoteza makali haraka. Kaa na meneja mkubaliane kabla ya kujaza fomu: kliniki ipi itakuwa yako, siku zipi, na maelezo ya kazi yako yatabadilishwa yaseme kwamba unaandika dawa. Kama hakuna nafasi hiyo, tafuta kazi yenye nafasi kwanza, kozi baadaye.

Neno moja kuhusu sindano za urembo. Wauguzi wengi huitamani V300 kwa ajili ya botox, kwa kuwa ni dawa inayohitaji cheti. Tangu Juni 2025 NMC, chombo kinachosajili wauguzi na wakunga, inataka muuguzi amwone mteja ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa za sindano za urembo. Ile biashara ya kuwaandikia kwa simu wateja wa watu wengine imekwisha.

Hatua ya 3: Sifa na makaratasi

NMC inataka uwe umesajiliwa kwao kwa angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba. Mwaka huo unahesabiwa tangu upate PIN (namba ya usajili) ya Uingereza, si tangu uhitimu Muhimbili au KMTC. Lakini uzoefu wa nyumbani usiudharau: unatakiwa uthibitishe kwamba unaweza kumchunguza mgonjwa, kufikia uamuzi na kupanga huduma, na hapo miaka yako ya zahanati ina la kusema. Vyuo vingi hutaka pia uwe umepitia moduli ya uchunguzi wa mwili, au uwe na ushahidi wa kiwango hicho. Kama hujaisoma, anza nayo.

Kozi hufundishwa ngazi ya shahada ya kwanza au ya uzamili. Ikiwa diploma ndiyo uliyo nayo, uliza chuo mapema kama watakuomba insha ya majaribio. Wa fani za HCPC, tarajieni kuulizwa miaka kadhaa ya kazi baada ya usajili. Masharti hutofautiana chuo kwa chuo.

Fomu ya maombi si yako peke yako. Atasaini meneja wako, atasaini msimamizi wa waandika dawa wa taasisi yako (karibu kila Trust, yaani taasisi ya NHS inayoendesha hospitali, inaye), na atasaini atakayekutathmini. Utahitaji pia ukaguzi wa DBS (wa rekodi za jinai) wa kiwango cha juu. Anza kukusanya sahihi hizi miezi kadhaa kabla ya kozi, kwa sababu ucheleweshaji mkubwa huwa ni wa sahihi.

Ada: muulize mwajiri kabla hujatoa mfukoni. Mara nyingi kuna fungu la mafunzo linalolipia V300, na msimamizi wa waandika dawa ndiye anayejua lilipo na linafungwa lini. Uliza pia kama utapewa muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, na jibu ulitake kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya meneja mwema huyeyuka wiki ambayo watu watatu wameumwa.

Hatua ya 4: Tafuta watu wawili wa kukusimamia

Zamani ilikuwa lazima msimamizi awe daktari. Tangu viwango vya NMC vya 2018 anaweza kuwa mtaalamu yeyote aliyesajiliwa mwenye uzoefu wa kuandika dawa: muuguzi, mfamasia, daktari. Kwa wauguzi kuna msimamizi wa kazini, anayekuelekeza siku hadi siku, na mtathmini wa kazini, anayeamua kama umefika. Kwa kawaida hawatakiwi kuwa mtu mmoja. Kwa wafamasia msimamizi huyo huitwa DPP.

Mchague kwa vitu viwili: anaandika dawa kwenye eneo lako, na ana muda. Daktari bingwa mwenye jina kubwa ambaye utamwona kwa dakika tano koridoni hatakusaidia kama muuguzi wa kituo cha GP anayeandika dawa za pumu kila siku na yuko tayari ukae naye chumbani. Mwendee na ile sentensi yako ya Hatua ya 2 mkononi, na ratiba. "Dokta, naomba Jumanne asubuhi kuanzia Januari hadi Mei, nikae kwenye kliniki yako, nianze kwa kutazama kisha nimchukue mgonjwa wewe ukiwa pembeni." Ombi la namna hiyo hujibiwa. Ombi la "nisaidie na kozi yangu" huahirishwa.

Wenzetu wengi wanaona haya kuomba, hasa kumwomba mkubwa. Jueni kwamba huku kuomba mapema na kwa uwazi huhesabiwa kuwa heshima.

Hatua ya 5: Darasa na mitihani miwili isiyo na mchezo

Kozi nyingi za nusu muda huchukua kama miezi sita. Kwa wafamasia GPhC imeweka angalau siku 26 za masomo na saa 90 za kazini. Kozi za wauguzi zinakaribiana na hapo, huku saa za kazini zikitegemea chuo. Utasoma sheria, maadili, famakolojia, namna ya kufanya uamuzi pamoja na mgonjwa, na usalama wa dawa. Kila kitu hupimwa kwa mwongozo wa umahiri wa Royal Pharmaceutical Society, wenye vipengele 10: sita vya mazungumzo na mgonjwa, vinne vya uwajibikaji. Uchapishe, uubandike juu ya meza.

Mitihani miwili ndiyo inayotisha. Famakolojia alama ya kufaulu ni asilimia 80. Hesabu za dawa ni asilimia 100. Ndiyo, swali moja likikosewa umeanguka. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi. Kinachoangusha ni haraka. Tazama mfano huu wa mazoezi: mgonjwa apewe prednisolone 30 mg kwa siku kwa siku 7, kisha apunguziwe 5 mg kila baada ya siku 3 mpaka dawa iishe, na vidonge vilivyopo ni vya 5 mg. Vinahitajika vingapi?

Siku 7 za mwanzo ni vidonge 6 kwa siku, jumla 42. Kisha siku 3 za 25 mg ni vidonge 15, za 20 mg ni 12, za 15 mg ni 9, za 10 mg ni 6, za 5 mg ni 3. Hiyo ni 45. Jumla 87. Anayekosea kwa kawaida amesahau zile siku 3 za mwisho za kidonge kimoja, akaandika 84. Kwa hiyo usihesabu kichwani. Chora mistari, mstari mmoja kwa kila kiwango cha dozi, ndipo ujumlishe.

Vyuo vingi vina pia mtihani wa kumhoji mgonjwa wa kuigiza. Mtahini anasikiliza kama umeuliza mzio, mimba na kunyonyesha, figo, dawa nyingine, dawa za dukani na mitishamba. Hili la mwisho sisi tuna faida nalo. Mama wa Kimombasa anayeishi Leicester hatasema kwamba anatumia dawa za kienyeji ukimuuliza kwa Kiingereza cha fomu. Muulize, "Mama, kuna dawa yoyote uliyoletewa kutoka nyumbani, hata ya majani, hata ya kuchua?" na mkoba utafunguliwa. Mara nyingine utatoka na vidonge visivyo na jina, vilivyofungwa kwenye karatasi. Hapo ndipo uandikaji salama unapoanza: huongezi dawa juu ya dawa usiyoijua.

Hatua ya 6: Saa za kazini na faili la ushahidi

Andika siku hiyohiyo. Ukiacha ushahidi ukajilimbikiza hadi mwezi wa mwisho utakumbuka majina ya dawa na kusahau sababu, wakati sababu ndiyo inayotafutwa. Kwa kila mgonjwa andika mistari michache: alikuja na nini, uliwaza nini, ulichagua dawa gani, kwa nini hukuchagua nyingine, ulimwambia arudi akiona nini. Ondoa jina, tarehe ya kuzaliwa na chochote kinachoweza kumtambulisha. Faili lenye jina la mgonjwa linaweza kukuangusha hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Weka pia wagonjwa ambao uliamua kutowaandikia. Mtoto mwenye mafua ambaye mzazi anadai antibiotiki, nawe ukaeleza kwa nini hapana na ukampa dalili za kurudi nazo, ni ushahidi mzuri kuliko vyeti kumi vya salbutamol ya pumu.

Hatua ya 7: Kufaulu si ruhusa

Matokeo yametoka, familia imepiga vigelegele. Usiandike kitu bado. Chuo kinaipelekea NMC taarifa, wewe unalipa ada ya kuandikishwa, kisha rejista inabadilika. Mpaka uone alama hiyo kwenye jina lako mtandaoni, kuandika cheti ni kuvunja sheria. Usikae nayo pia: ukipitisha miaka mitano bila kuandikisha V300, itabidi usome tena. Wafamasia wana miezi sita tu ya kuomba.

Kisha rudi kwa mwajiri. Msimamizi wa waandika dawa akuingize kwenye orodha yake, bima ya taaluma ithibitishwe kwamba inagusa uandikaji dawa, na kama uko kwenye kituo cha GP au kliniki ya jamii, usajiliwe NHSBSA (ofisi ya NHS inayoshughulikia vyeti vya dawa) ndipo upate vitabu vya FP10, yaani fomu za cheti cha dawa, au ufunguliwe kwenye mfumo wa kompyuta. Uskoti fomu ni GP10, Wales WP10, Ireland ya Kaskazini HS21.

Hatua ya 8: Cheti chenyewe

Siku hizi kompyuta hufanya mengi, lakini itakuja siku ya kuandika kwa mkono, tena nyumbani kwa mgonjwa, tena jioni. Wino usiofutika, tarehe, sahihi, anwani yako na wewe ni mtaalamu wa aina gani, jina na anwani ya mgonjwa. Akiwa chini ya miaka 12 umri ni lazima kisheria. Nafasi tupu chini ya dawa ya mwisho ipige mstari, mtu asiongeze kitu.

Namna ya kuandika kiasi ina sheria zake, na zinaokoa watu. Andika 3 mg, usiandike 3.0 mg, maana nukta ikififia inakuwa 30. Andika 500 mg badala ya 0.5 g. Ikibidi nukta, sifuri itangulie: 0.5 mL, kamwe si .5 mL. Maneno "micrograms" na "units" yaandikwe kwa ukamilifu. Ule ufupisho wa U wa insulini tuliouzoea wodini nyumbani unaweza kusomwa kama sifuri. Dawa zinazodhibitiwa za kundi la 2 na la 3 zinataka jumla kwa tarakimu na kwa maneno, na cheti chake hufa baada ya siku 28, wakati cha kawaida hudumu miezi sita. Kwa hizo, usiandike zaidi ya siku 30 ila kwa sababu uliyoirekodi.

Dawa ikimdhuru mgonjwa, au ukishuku tu, peleka taarifa ya Yellow Card kwa MHRA, mamlaka ya dawa ya Uingereza. Huhitaji kuwa na uhakika.

Baada ya hapo

Habari zikienea kwamba unaandika dawa, simu zitaanza. Shangazi wa Birmingham, rafiki wa kanisani, kijana wa msikitini: "Dada, niandikie tu amoxicillin, daktari wangu hapatikani." Kanuni za NMC zinataka uepuke kujiandikia mwenyewe au mtu wa karibu yako kila inapowezekana. Jibu lililo rahisi kulisimamia ni hili: "Shangazi, ruhusa yangu ni ya wagonjwa wa kliniki yangu tu. Piga 111 ya NHS, au nenda kwa mfamasia wa karibu, nami nitakwambia maswali ya kumuuliza." Toa jibu hilohilo kwa kila mtu, tangu simu ya kwanza.

Ukienda likizo Dar au Nairobi, ruhusa hii inabaki Uingereza. Imefungwa kwenye rejista ya huku.

Na ukihama kutoka kliniki ya pumu kwenda ya kisukari, V300 yako haifutiki, ila eneo lako linaanza upya. Andika sentensi mpya ya Hatua ya 2, tafuta mtu wa kukusimamia kwa muda, soma miongozo ya tiba ya eneo hilo inayotolewa na taasisi ya NICE, na usiguse insulini mpaka meneja na msimamizi wa waandika dawa wametia sahihi kwenye karatasi hiyo mpya.